Ndiyo ya Mara ya Nne

"Huyu mtu kesho anatoka," mkuu wa kituo alisema, "na sisi tutabaki tunatazamana."

Alilisukuma gazeti hadi upande wa pili wa meza. Inspekta hakulishika. Alikuwa ameshalisoma, na kilichomkera hakikuwa habari yenyewe bali tarehe iliyochapwa juu ya ukurasa.

Kituoni walimwita Bi Tena. Hakuwa mtu wa kupiga meza wala kutisha watu. Alimwambia shahidi asimulie, kisha asimulie tena, naye akakaa kimya mkono shavuni kama anayesubiri maji yachemke. Wengi walichemka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ghala la kiwanda kidogo cha dawa ya mbu lilikuwa limeteketea. Kiwanda kilitengeneza ile dawa ya kijani ya kuwasha, iliyojiviringa kama konokono. Mlinzi, mzee wa makamo aliyekuwa amejilaza chumba cha nyuma, hakutoka. Polisi walimkamata fundi wa kuchomelea vyuma aliyeishi mitaa miwili kutoka pale. Alikuwa na jeraha la moto mkononi, lakini fundi wa kuchomelea asiye na jeraha la moto labda kazi hana. Kilichomtia ndani hasa ni kipande cha gazeti kilichokutwa chini ya godoro lake, chenye kichwa cha habari kikubwa: utafiti umegundua kwamba wajawazito waliotumia dawa ya kijani wana uwezekano mara nne zaidi wa kuzaa watoto wenye midomo iliyopasuka. Bintiye Fundi, ambaye sasa ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, alizaliwa hivyo.

Sajenti, aliyeitwa Shingo kwa sababu iliyoonekana hata kwa mbali, ndiye aliyeijenga kesi. Fundi alisoma, akapandwa na hasira, akachoma.

"Moto ulitangulia gazeti kwa wiki mbili," mkuu alisema. "Wakili wake amegundua leo. Ameniuliza kwa adabu kabisa: mteja wangu alikasirishwa na habari ambayo ilikuwa haijaandikwa?"

Shingo alikohoa. "Labda aliisoma kule kwenye jarida la wataalamu."

"Jarida lilitoka siku moja na gazeti," Bi Tena alisema. "Na Fundi hasomi majarida ya wataalamu. Ama si yeye, ama kuna mtu alimwambia mapema."

"Nani angejua mapema?"

"Waliouandika huo utafiti." Alisimama, akachukua mkoba. "Au waliouagiza."

*

Wifi yake Bi Tena alikuwa mhadhiri wa chuo cha afya. Alifundisha epidemiolojia, somo la kufuatilia ugonjwa unavyotembea katika watu, unampata nani na unamwacha nani. Ofisi yake ilikuwa ndogo, na kiti cha mgeni kilikuwa kimekaliwa na mitihani ya wanafunzi.

"Umenikumbuka leo," wifi alisema bila kuinua macho. "Siku ya posa ya binti yangu hukuonekana."

"Nilikuwa kazini."

"Na leo uko wapi?"

"Kazini."

Wifi alicheka, akahamishia mitihani sakafuni. Aliipokea nakala ya makala, akaifunua moja kwa moja katikati.

"Watu huanza na hitimisho," alisema. "Ndiyo maana wanaingizwa mjini. Wewe anza hapa, wanaposema walifanya nini."

"Imesema mara nne."

"Tulia kwanza. Wamechukua akina mama mia ambao watoto wao wana mpasuko. Wakachukua wengine mia ambao watoto wao hawana. Wakawauliza wote, ulipokuwa mjamzito uliwasha dawa ya kijani? Kundi la kwanza, wengi wamesema ndiyo. La pili, wachache. Mara nne yao imetoka hapo."

"Basi dawa ina kesi ya kujibu."

"Mtu akikuambia amemwona mwizi, wewe unamfunga mwizi?"

"Nauliza alikuwa amesimama wapi. Kulikuwa na mwanga gani. Na nani aliongea naye kabla yangu."

"Basi kazi yangu unaijua. Hii isome kama maelezo ya shahidi. Soma hapo."

Bi Tena alisoma kwa sauti. Mahojiano yote yalifanywa na mhojaji mmoja. Mhojaji hakujua mama yuko kundi gani.

"Hiyo ni nzuri?"

"Nzuri sana, kama ni kweli. Mtu anayejua anachokitafuta hakosi kukipata. Endelea, mstari unaofuata."

"Mahojiano yalifanyika nyumbani kwa mama, mtoto akiwepo." Bi Tena alirudia mstari kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Mtoto akiwepo."

"Mapajani."

"Sasa alikosaje kujua? Mdomo si uko usoni?"

"Mara nyingi, ndiyo, huwa uko usoni."

Walicheka wote wawili, kicheko kikafa haraka. Wifi alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya maneno yale kama yalikuwa ya mwanafunzi.

"Kuna la pili. Wameuliza kama mama aliitumia wakati wa ujauzito. Hawakuuliza lini. Mdomo wa mtoto hufungana mapema sana tumboni, wengine hata hawajajua kama wana mimba. Ukiwasha kitu tumbo likiwa mbele, hakiwezi kurudi nyuma kikaupasua."

"Kwa hiyo dawa haina kosa."

"Sijasema hivyo, na usiende kunisemea huko. Nimesema hawa hawajui. Kutojua si kumsafisha mtu. Ukitaka nikuambie dawa ni salama, leta utafiti mwingine ulio bora." Alifunua ukurasa wa mwisho, akaushusha karibu na macho. "Haya. Hii utaipenda."

Ilikuwa shukrani, imeandikwa kwa herufi za siafu. Watafiti waliishukuru kampuni fulani kwa msaada wa gari. Kampuni yenyewe ilitengeneza dawa ya mbu ya kupuliza.

Bi Tena alishaanza kufunga mkoba.

"Polepole, wifi," mwenzake alisema. "Anayekupa gari si lazima awe amekupa na majibu."

"Mimi naenda kuuliza tu."

"Nakujua unavyouliza."

*

Profesa aliyeongoza utafiti alimpokea kwa tabasamu, akamwagizia chai ambayo haikuletwa. Ukutani kulikuwa na picha yake akipokea cheti.

"Kampuni ilitoa gari na dereva," alisema. "Basi. Chuo hakina gari linalofika vilimani. Hawakuona dodoso, hawakuona matokeo. Ningekuwa naficha, ningewashukuru kwa maandishi?"

"Watu huficha vitu mahali pa wazi."

"Inspekta, makala hii imepitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa."

"Kuna hata mmoja wao aliyekwenda nyumbani kwa mama mmoja?"

"Hiyo si kazi yao."

"Wewe ulikwenda?"

Profesa alizungusha kalamu vidoleni. "Mimi nilipokea majibu. Nikayachambua."

"Hukuyasikia yakisemwa."

"Hapana."

"Umeandika kwamba mhojaji hakujua mama yuko kundi gani. Watoto walikuwa mapajani."

Kalamu ilisimama. Alifunua makala yake mwenyewe, akatafuta ukurasa, akasoma.

"Mpango wetu wa mwanzo ulikuwa mama ahojiwe kliniki," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mtoto aachwe chumba kingine. Halafu tukaona wengi hawaji, tukaamua kuwafuata nyumbani. Sentensi ikabaki."

"Ikabaki."

"Sentensi zinabaki, Inspekta. Unaandika mara kumi, unafuta, moja inakuponyoka."

"Kabla makala haijatoka, matokeo uliyajua wewe. Nani mwingine?"

"Wahariri wa jarida. Na mhojaji. Nesi mmoja aliyefanya kazi miaka mingi wodi ya upasuaji wa watoto. Alizunguka nyumba zote, yeye na dereva tu. Nilimpigia simu kumwambia imethibitika. Alilia." Alitazama dirishani. "Niliona ni haki yake kujua."

*

Dereva wa kampuni alikutwa kwenye karakana, akiosha mazulia ya gari. Shingo alimwendea juu juu. Alitaka kujua ni nani kazini kwao aliyempelekea matokeo.

"Matokeo gani, afande? Mimi nilikuwa nalala."

"Unalala kazini?"

"Sasa nifanye nini? Yule mama mhojaji anaingia nyumba ya watu, anakaa hadi kiti kinapoa na kupata moto tena. Nimelala mpaka nikaota."

Bi Tena alimsogeza sajenti kwa kiwiko. "Kila nyumba alikaa hivyo?"

Dereva alikamua kitambaa, akifikiri. "Zile za watoto wenye tatizo. Zile nyingine, ah. Zile nyingine hata injini sikuzima."

"Unaikumbuka mojawapo?"

Aliikumbuka. Ilikuwa nyumba yenye mlango wa bluu karibu na soko, na mama mwenyewe alikuwa akimenya viazi. Mtoto wake, mzima wa midomo yote miwili, alikuwa akipigia sufuria kijiko kwa nguvu zote.

"Aliniuliza hapo hapo mlangoni," mama alisema akipaza sauti juu ya kelele. "Nilikuwa na mboga jikoni inaungua. Akauliza unatumia dawa ya kijani? Nikasema hapana, akaandika, akashukuru, akaenda."

"Na ulikuwa hutumii?"

Mama alimtazama kama aliyeulizwa kama huwa anapumua.

"Dada yangu, kwa mbu hawa? Mimba ile nzima niliwasha. Lakini pale nilifikiri anauliza leo, sasa hivi. Akaniuliza haraka haraka, nikamjibu haraka haraka. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada. Asante."

Walipofika kwenye gari Shingo alisema, "Kwa hiyo kampuni?"

"Kampuni ilitoa gari. Lifute kichwani."

"Nilikuwa nimeipenda ile kampuni, bosi."

"Hata mimi."

*

Nesi alistaafu mwaka uliopita, lakini bado alikwenda kliniki ya upasuaji kusaidia. Walimkuta chumba cha akiba, akikunja nepi za kitambaa. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, mwenye mikono iliyojua kazi yake bila kutazamwa.

"Nilijua mtakuja," alisema.

"Kwa nini?"

"Yule mlinzi alikufa."

"Nisimulie ulivyokuwa unawahoji akina mama."

Alisimulia vizuri mno. Alibisha hodi, akajitambulisha, akaomba ridhaa, akauliza maswali kama yalivyoandikwa.

"Tena," Bi Tena alisema.

Alisimulia tena. Safari hii aliongeza kwamba alikuwa anawapa muda wa kufikiri.

"Wote?"

"Wenye uhitaji."

"Mama wa mlango wa bluu alikuwa anaunguza mboga. Hukumpa muda."

Nesi alikunja nepi, akaikunjua, akaikunja upya. "Yule mtoto wake mzima. Angekumbuka nini?"

"Kilekile ambacho wengine walikumbuka. Aliiwasha mimba nzima. Ukaandika hapana."

Mikono ilitulia.

"Nami nahoji watu," Bi Tena alisema. "Ni kazi yangu ya kila siku. Nikitaka, shahidi wangu ataona gari jekundu. Namuuliza gari lilikuwa la rangi gani, anasema sijui. Nasema fikiri. Nasema wenzako wote wameliona. Nasema halikuwa jekundu kweli? Atasema jekundu, na ataapa mahakamani, na hatakuwa anadanganya. Huko ni kumlisha mtu maneno. Uliwalisha?"

"Nilitaka wakumbuke."

"Uliwaambia unatafuta nini?"

"Inspekta, wewe hukukaa wodini." Nesi aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Mimi nimewapokea watoto hawa mikononi. Nimeona baba akitazama mara moja, akageuka, asirudi. Nimeona mama mkwe akimuuliza msichana wa watu, ulikula nini, ulimcheka nani, kwenu mna nini. Hakuna hata mmoja aliyemwambia yule mama kwamba si kosa lake. Mimi niliwaambia."

"Uliwaambia ni kosa la dawa."

"Niliamini! Wa kwanza walisema wenyewe, sikuwauliza. Watatu, wanne, wote dawa ya kijani. Nikaona ni hiyo."

"Huku mjini wanatumia wote dawa ya kijani. Hata ukiuliza waliovunjika mguu."

Nesi alirudia kukunja.

"Nyumbani kwa Fundi ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Mara ngapi?"

Nje ya chumba mtoto alikuwa akilia na mtu akimbembeleza kwa wimbo usio na maneno.

"Mara mbili. Mara ya kwanza kuhoji. Mume alikuwa amesimama mlangoni, barakoa yake ya chuma imepandishwa kichwani." Alilainisha nepi kwa kiganja. "Profesa aliponipigia simu kwamba imethibitika, nikawarudia baadhi yao. Niliona si haki wasikie redioni. Nikawaambia, sasa ni sayansi, ni mara nne, hakuna atakayewanyooshea kidole tena."

"Na Fundi alisema nini?"

"Aliuliza kiwanda kiko wapi." Nesi aliketi juu ya rundo la nepi. "Nikadhani anataka kwenda kulalamika."

*

Nyumba ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili na ua mdogo wenye mabaki ya vyuma. Mama yake Fundi alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Hakuwakaribisha wala hakuwazuia.

"Mkwe, wageni wako," aliita, basi.

Mke alitoka na mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa ameshonwa, kovu jembamba likipanda kutoka mdomoni hadi puani, na alitaka sana kushika vifungo vya sare ya Shingo. Bi Tena aliomba waongee pembeni, nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Nesi alipokuja kukuhoji," alisema, "ilikuwaje?"

"Aliniuliza kama niliwasha dawa ya kijani."

"Ukasemaje?"

"Ndiyo."

"Anzia mwanzo. Alipoketi tu."

Mke alimhamishia mtoto upande mwingine. Alianza, akasita, akaanza tena. Bi Tena alitazama nguo kambani.

"Aliniuliza, nikasema hapana," mke alisema. "Sisi tuna chandarua. Mume wangu hapendi harufu ya ile dawa, inamkaba kifua. Akasema fikiri vizuri. Nikafikiri, nikasema hapana. Akasema wenzangu wote wamekumbuka. Nikasema hapana, labda wao. Halafu akaniuliza ya nne. Mume wangu alikuwa mlangoni ananitazama. Mama mkwe ameacha kutwanga. Nikaona wote wananisubiri."

"Ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo."

"Na hukuwahi?"

"Mara moja. Kwenye msiba wa shangazi wa mume wangu. Tulilala ukumbini, watu wakawasha. Tumbo lilikuwa huku." Alionyesha kwa mkono mbali mbele ya mwili wake.

Shingo alifungua mdomo, Bi Tena akamkanyaga mguu.

"Kwa nini hukuwaambia baadaye?"

"Nimwambie nani?" Mke alishusha sauti, akatupa jicho kuelekea kizingitini. "Tangu alipozaliwa huyu, kila siku naambiwa ukoo wetu. Bibi yangu alikuwa hivi, mama yangu alikuwa vile. Niliposema ndiyo, siku ileile mama mkwe akaniletea uji kitandani. Tangu siku hiyo sijatukanwa. Ningesema hapana, ingekuwa mimi tena."

Mtoto alifanikiwa kukipata kifungo. Shingo alimwachia.

"Halafu Nesi akarudi," mke aliendelea. "Akasema imethibitika. Nikamsikiliza. Nikasema moyoni, labda kweli, labda wenzangu wao waliwasha kweli. Mimi mmoja sitaharibu kitu. Mume wangu usiku ule hakula."

"Alitoka?"

Aliuma mdomo. "Usiniulize hilo. Ni mume wangu."

"Sikuulizi."

"Mtamfunga?"

"Hadi sasa sina cha kumfungia. Kesho anatoka."

Mke alimpigapiga mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa akilia. Kutoka mbele ulisikika mchele ukimwagwa kwenye ungo.

"Anasema waliochoma wamefanya vizuri," alisema. "Nilipompelekea chakula juzi. Anasema mlinzi alikuwa analinda sumu. Hajawahi kusema neno kama hilo kwa mtu, hata kwa mbwa." Alimpandisha mtoto kiunoni. "Nataka kuongea naye. Leo."

"Akitoka kesho mtaongea nyumbani."

"Nyumbani yupo mama yake."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti na feni iliyosuasua. Wakili alikubali wakutane, ila na yeye awepo, na akamwonya mteja wake asijibu swali lolote la polisi. Bi Tena alisema hana swali. Alikaa pembeni kabisa, karibu na mlango.

Fundi alipoingia, mtoto alimnyooshea mikono. Alimpakata, akamnusa kichwani, kisha akamtazama mkewe.

"Wamekuleta wao?"

"Nimejileta. Ile siku ya Nesi, nilisema ndiyo."

"Najua. Nilikuwepo."

"Haikuwa kweli."

Fundi alitabasamu kidogo, tabasamu la kumhurumia. Aligeuka kwa Bi Tena. "Mmemtisha."

"Hakuna aliyenitisha," mke alisema. "Nilisema hapana mara tatu, ulisikia kwa masikio yako. Ya nne nikachoka. Mlikuwa mnanitazama, wewe na mama."

"Umesahau tu. Utafiti umesema..."

"Huo utafiti ni mimi!" Sauti ilimtoka kali, mtoto akashtuka. Akaishusha. "Ni mimi na wenzangu, baba. Yule nesi alichukua maneno yangu, akaenda nayo kwa wakubwa zake, wakayaandika, akarudi nayo kwetu. Wewe ukayapokea kama mageni. Ni yaleyale yangu. Na nilidanganya."

Wakili aliinua mkono. "Mama, nadhani inatosha."

Fundi alimtazama binti yake. Alipitisha kidole gumba juu ya kovu, polepole, kutoka juu hadi chini.

"Basi ni nini?" aliuliza. "Kama si dawa, ni nini?"

Aligeuka kwa Bi Tena, na safari hii hakuwa akibishana.

"Mimi sijui," Bi Tena alisema. "Nimeuliza wanaojua, nao hawajui. Inaweza kuwa dawa, inaweza isiwe. Itabidi waanze upya."

"Hawajui."

"Hapana."

"Wakati wote huo walikuwa hawajui."

Alimrudishia mke mtoto, kwa uangalifu, kama anayeweka kitu cha kioo. Kisha mikono yake ikabaki mezani, mitupu, na wakili akaitazama kabla ya mwenyewe kuitazama.

"Usiseme kitu," wakili alimwambia. "Hawana lolote. Kesho uko nyumbani. Unanielewa?"

"Nilipiga hodi," Fundi alisema.

"Nimesema usiseme kitu!"

"Nilipiga hodi kwanza. Dirisha la nyuma, na lile la pembeni. Niliita. Nikasema kama kuna mtu atoke." Alikuwa akiongea na Bi Tena tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kueleweka vizuri. "Nilingoja. Hakuitika mtu."

Wakili alifunga faili lake, akaegemea nyuma.

"Mlinzi alikuwa hasikii vizuri," Bi Tena alisema. "Bintiye ndiye aliyetuambia."

Fundi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, kama mgeni anayeelekezwa njia. Halafu akavuta kiti karibu na meza na kuanza kusimulia tangu alipofungua mlango wa nyumba yake, Shingo akiandika, na mkewe akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mtoto akiwa amelala begani.